Wadai Sita wa Duka la Vitenge

Haya, sogeeni karibu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina duka, na duka lenyewe nimelitunga, ingawa mkitembea jijini Kigali kutoka Uwanja wa Pelé hadi Biryogo mtapita mengi yanayofanana nalo: vitenge vimetundikwa mlangoni, cherehani zinalia ndani, redio juu ya kabati. Duka ni la kutunga. Sheria nitakayoieleza si ya kutunga.

Mwenye duka aliandikisha kampuni, akaajiri mafundi wanne. Biashara ilichangamka, halafu ikalegea, kisha madeni yakaanza kupishana mlangoni. Benki inadai mkopo. Mfanyabiashara wa Kampala anadai fedha za marobota ya vitenge. Mwenye jengo anadai pango, mafundi mishahara, mamlaka ya mapato kodi, na ikimina, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, cha akina mama wa mtaa kinadai faranga zilizotolewa kwa nia njema tu.

Sasa fikirini bila sheria ingekuwaje. Yule wa Kampala anafika alfajiri na gari, anabeba majora yote. Mwenye jengo anabadilisha kufuli. Benki inachukua mashine. Mafundi wakija saa mbili wanakuta sakafu tupu. Aliyelipwa ni mwenye mbio, na wanyonge mara nyingi hawana gari.

Ndiyo maana Rwanda ilitunga sheria ya ufilisi mwaka 2009, ikaiandika upya 2018, kisha tena 2021. Mahakama za biashara zilikuwa zimekwisha kuanza kazi mwaka 2008. Kampuni yenyewe inaweza kwenda huko kukiri kwamba imeshindwa kulipa, au mdai akaenda kuomba itangazwe hivyo. Siku hizi haendi mtu na bahasha chini ya kwapa: ombi hupakiwa kwenye IECMS, mfumo wa kielektroniki wa mahakama.

Mahakama ikikubali, humteua msimamizi wa ufilisi, na tangu hapo wadai husimamishwa. Hakuna kubeba jora. Tangazo hutolewa ili kila anayedai ajitokeze na ushahidi wake, na hapa ndipo anapoingia mtu ambaye hadithi nyingi humsahau: msaidizi wa sheria. Yeye hahutubii mahakama. Hukaa na mafaili na kutengeneza orodha ya wadai, na orodha hiyo ikikosewa, kila kinachofuata kimekosewa.

Tumtazame akiwa kazini. Mfanyabiashara wa Kampala ameleta ankara ya faranga 4,000,000. Ankara ni ya kweli. Lakini msaidizi wetu anapopekua kumbukumbu za simu za kampuni, anakuta faranga 1,000,000 zilikwisha tumwa kwa MoMo. Deni linabaki 3,000,000. Wale akina mama hawana ankara wala mkataba, wana daftari la mkono lenye sahihi na tarehe. Kijana mvivu angelitupa. Mwenye akili hulitolea nakala, ukurasa kwa ukurasa, akamkabidhi msimamizi aamue uzito wake.

Kisha anakuta jambo lingine. Wiki mbili kabla ya ombi, gari la kampuni liliuzwa kwa shemeji ya mwenye duka, kwa bei ambayo hata pikipiki hununui. Msidhani limekwisha. Mali iliyotoroshwa hivyo karibu na ufilisi inaweza kudaiwa mahakamani na kurudishwa, ndiyo maana msaidizi husoma tarehe kwa makini kuliko majina.

Je, lazima duka lifungwe? Hapana. Wadai wanaweza kukubaliana na mpango wa kulifufua: walipwe polepole, biashara iendelee. Wakati mwingine hujaribiwa na kushindikana. Nakumatt, duka kuu la Kenya lililofika Kigali mwaka 2008, liliwekwa chini ya msimamizi huko Nairobi Januari 2018, likidaiwa mabilioni ya shilingi. Miaka miwili baadaye, Januari 2020, wadai walipiga kura livunjwe.

Tuseme na la kwetu limefikia huko. Mali inauzwa kwa mnada, ile cyamunara. Benki ilikuwa na dhamana ya mashine za kudarizi, nayo ilikuwa imesajiliwa kwa Msajili Mkuu, hivyo inalipwa kutokana na mashine hizo. Gharama za shughuli yenyewe na mishahara ya mafundi hutangulia madeni ya kawaida. Mwishoni zimebaki faranga 6,000,000, na madeni ya kawaida ni 10,000,000. Hapo hakuna kujuana: kila faranga 100 inalipwa 60. Yule wa Kampala, kwa 3,000,000 zake, anapata 1,800,000. Angeandikwa 4,000,000 kimakosa, ziada yake ingetoka kwenye mafungu ya wenzake, akina mama wa ikimina wakiwemo.

Waliosoma madrasa hesabu hii si ngeni kwao. Inasimuliwa kwamba Muadh bin Jabal, swahaba, alizidiwa na madeni, Mtume akaiuza mali yake ili wadai walipwe. Riwaya moja inasema walipata sehemu tano katika saba za haki zao. Muadh naye akatumwa Yemen kufundisha watu dini na kuhukumu baina yao.

Na nyumba ya mwenye duka? Hilo huulizwa kila mara. Kampuni ni mtu anayejitegemea mbele ya sheria, kwa hiyo nyumba haiguswi, isipokuwa kama mwenyewe aliiweka rehani au alifanya udanganyifu. Suala la gari la shemeji linaweza kumponza hapo. Msimamizi hupeleka hesabu ya mwisho mahakamani, shughuli hufungwa, na Msajili Mkuu huifuta kampuni kwenye daftari lake.