Vumbi la Bugarama na pumzi ya injini kubwa

Lita moja ya dizeli haiungui vizuri mpaka ipate zaidi ya lita 10,000 za hewa. Land Cruiser yenye V8 ya lita 4.5, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ingemeza karibu lita 6,700 kila dakika hata bila turbo, na turbo huongeza sana. Gari hilo likiacha barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, nchini Burundi, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na kupanda vilima vya Bugarama, hewa huzidi kuwa nyepesi, nayo turbo hulazimika kuvuta nyingi zaidi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, hewa hiyo huja na udongo mwekundu.

Udongo huo una punje za kwatzi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zinazoumiza zaidi ni zile za maikroni 5 hadi 20, wakati unywele ni kama maikroni 70. Ni ndogo kiasi cha kuingia kati ya ringi ya pistoni na ukuta wa silinda, pale penye utando mwembamba wa oili, zikakwangua pande zote mbili. Baadaye injini inaanza kula oili.

Kazi ya kuzizuia punje hizo ni ya filta ya hewa. Watu wengi hudhani filta ni chekecheke: kikubwa kinabaki, kidogo kinapita. Sivyo. Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani aliyechunguza vichujio vya barakoa za gesi katika miaka ya 1940, alionyesha kuwa punje zilizo ngumu zaidi kuzinasa ni zile za karibu maikroni 0.3, na kwamba ndogo kuliko hizo hunaswa kwa urahisi zaidi. Kubwa zina kasi na uzito. Hewa inapopinda kuuzunguka uzi wa karatasi ya filta, zenyewe hushindwa kona kama lori lililojaa mawese, zikagonga uzi na kunata. Zile ndogo kabisa husukumwasukumwa na molekuli za hewa hadi ziuguse uzi.

Vumbi lililokwisha kunaswa nalo hunasa jingine, hivyo filta iliyotumika kidogo huchuja vizuri kuliko mpya. Kwa hiyo napinga kabisa tabia ya kuipuliza kwa kompresa kila wiki. Upepo mkali huondoa tabaka hilo na unaweza kutoboa karatasi kwa matundu yasiyoonekana. Ni afadhali kufuata kipimo cha mvuto wa hewa, kama gari linacho, na kubadilisha filta inapoziba, kwa sababu dizeli iliyonyimwa hewa hutoa moshi mweusi, na hayo ni mafuta yanayopotea.

Mwenye injini kubwa atafute eneo kubwa la karatasi. Eneo likiongezeka maradufu, kasi ya hewa inayopita kwenye karatasi hupungua nusu, na injini haikabwi. Filta za pamba zenye mafuta hupendwa kwa kupitisha hewa nyingi, lakini mara nyingi hupitisha vumbi zaidi pia, na mafuta yake yakizidi huchafua sensa ya hewa.

Kufunga ndiko kunakoharibu wengi. Futa kiti cha filta kwa kitambaa kibichi, hakikisha mpira wa ukingo haujapinda wala kukauka, kaza klipu zote. Baada ya siku chache za safari, zima injini, fungua bomba lililo kati ya filta na turbo, pitisha kidole safi ndani. Kikitoka na vumbi, tafuta penye mwanya kabla gari halijaondoka tena.