Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kazi ya Kujitolea Kutathmini Vyuo vya Afya

Mgonjwa anayefika katika kituo cha afya usiku wa manane hamwombi muuguzi anayempokea amwonyeshe cheti chake. Huamini tu kwamba aliyevaa sare ile alifundishwa ipasavyo, akapimwa, akafaulu. Nyuma ya cheti hicho kuna chuo, na nyuma ya chuo kuna ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba chuo kina walimu, mtaala, vifaa na nafasi za mafunzo kwa vitendo zinazotosha. Makala haya yanahusu watu wanaoifanya ithibati hiyo iwe na maana: madaktari, wauguzi, wakunga, wafamasia na wahadhiri wanaojitolea kwenda kuvitathmini vyuo vya wenzao.

Chimbuko la ukaguzi wa vyuo vya tiba

Mwaka 1910 Abraham Flexner, mwalimu wa Marekani ambaye hakuwa daktari, alichapisha ripoti juu ya shule 155 za udaktari nchini Marekani na Kanada. Kazi hiyo aliifanya kwa niaba ya Taasisi ya Carnegie. Alikuta shule nyingi zikiendeshwa kama biashara, zikipokea ada za wanafunzi ilhali hazina maabara ya maana wala hospitali ya kufundishia. Baada ya ripoti ile shule nyingi zilifungwa au kuunganishwa, na elimu ya udaktari ikajengwa juu ya sayansi na mazoezi ya wodini.

Hata hivyo, ripoti hiyohiyo iliacha jeraha. Kati ya shule saba zilizowafundisha madaktari Weusi, Flexner aliona mbili tu, Howard na Meharry, kuwa zinafaa kuendelezwa. Nyingine tano zilifungwa, na jamii iliyokuwa tayari na madaktari wachache ikazidi kupungukiwa. Tangu hapo historia imetuachia maswali mawili ambayo kila mtathmini hana budi kuyabeba pamoja: je, chuo hiki kinawaandaa watu watakaowadhuru wagonjwa? Na je, uamuzi wetu utaiacha jamii gani bila mhudumu?

Kwa nini wenza?

Nchini Tanzania vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2005. Vyuo vya kati vya afya vimo chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Kenya ina Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Uganda ina Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Hakuna chombo kama hicho kinachoweza kuajiri bingwa wa kila fani, kuanzia ukunga hadi radiolojia. Kwa hiyo huwaita wenye fani zao, watu ambao kila siku wanafanya kazi ileile wanayokwenda kuitathmini. Posho, inapokuwapo, hugharimia safari na malazi. Haiwezi kulipa siku za kazi zinazoachwa nyumbani.

Kwa kawaida kazi huanza kabla ya safari. Chuo huandika ripoti ya kujitathmini, na watathmini huisoma kwa makini wakiandika maswali. Kila mmoja hutakiwa kutamka mapema kama ana mgongano wa maslahi: kama aliwahi kufundisha hapo, ana ndugu anayesoma hapo, au chuo chake kinagombea wanafunzi walewale. Kisha hufuata ziara ya siku chache. Timu hukutana na uongozi, walimu na wanafunzi, kila kundi peke yake. Hutembelea maabara, maktaba, mabweni na wodi za mazoezi. Mwishoni huandika ripoti, chuo hupewa nafasi ya kusahihisha makosa ya taarifa, na uamuzi hutolewa na tume au baraza. Mtathmini hupendekeza; hahukumu peke yake.

Hesabu ya wodi ya wazazi

Tuchukue mfano mmoja wa kufikirika. Chuo kina wanafunzi 80 wa ukunga, na kila mmoja ameandika katika kitabu chake cha mazoezi kwamba amezalisha akina mama 20. Jumla ni mama 1,600. Rejesta ya chumba cha kujifungulia cha hospitali ya mazoezi, kwa kipindi hichohicho, inaonyesha waliojifungua 900, na baadhi yao walifanyiwa upasuaji.

Mtu asiye mkunga angeweza kuona vitabu vimejaa saini na akaridhika. Mkunga anayeshika zamu ataiona tofauti hiyo mara moja, na pia atajua kwamba haitoshi kuitangaza kuwa ni udanganyifu. Huenda wanafunzi hupelekwa katika hospitali zaidi ya moja. Huenda wawili humhesabu mama mmoja, aliyezalisha na aliyesimama pembeni akitazama. Huenda pia mwalimu husaini bila kuwapo. Atauliza, atazilinganisha patografu na tarehe, na atazungumza na wanafunzi mbali na walimu wao. Jibu likipatikana, linagusa maisha: mkunga aliyetazama tu hatakuwa na mkono wenye uzoefu siku mama atakapovuja damu mbele yake, naye yuko peke yake katika zahanati ya kijijini.

Uzito wa mapendekezo

Hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo. Mtathmini anawaona wanafunzi waliokwisha lipa ada, wengine kwa mifugo na mashamba ya wazazi wao. Anawaona walimu wachache wanaojitahidi. Anajua kwamba mkoa ule una upungufu wa wahudumu. Huruma humvuta upande mmoja, usalama wa mgonjwa upande mwingine, na ukarimu wa wenyeji nao una nguvu yake. Njia ya busara mara nyingi iko katikati: kupunguza idadi ya wanafunzi wapya, kudai hospitali ya pili ya mazoezi, kuweka muda maalumu wa marekebisho na kurudi kukagua. Lakini pale ambapo hatari ni kubwa na chuo hakiko tayari kurekebisha, kunyamaza ni kumhamishia mgonjwa gharama hiyo.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kazi hii mgeni naye hupona. Aliyeona mahali pengine utaratibu mzuri wa kuwasimamia wanafunzi wodini hurudi kwake akiwa na la kuiga. Na aliyeuliza kuhusu saini za vitabu huanza kuvitazama upya vitabu vya wanafunzi wake mwenyewe.

Nafasi yako, msomaji

Mhudumu wa afya mwenye uzoefu wa kufundisha au kusimamia mafunzo kwa vitendo anaweza kuzungumza na mkuu wa idara yake na kuwasilisha wasifu wake kwa chombo husika. Ni vema mgeni wa kazi hii aanze chini ya kiongozi mzoefu. Waajiri nao wazihesabu siku hizo kuwa utumishi, wala wasizione kuwa utoro.

Mgonjwa una haki ya kuambiwa kwamba anayekuhudumia ni mwanafunzi, na kumwomba msimamizi wake awepo. Watathmini wakikuuliza wodini jinsi ulivyohudumiwa, wajibu kwa ukweli; jibu lako ni ushahidi ambao hakuna ripoti ya chuo iwezayo kuutoa.

Na mzazi, kabla hujalipa ada, uliza mambo mawili: je, chuo kimesajiliwa? Na je, programu anayokwenda kusoma mwanao ina ithibati? Chuo kinaweza kuwa na la kwanza kikakosa la pili. Kaulize kwa tume au baraza lenyewe, wala usitosheke na tangazo la chuo.