Picha moja 39,000! Utatoa au utaingia mitini?

Hivi msomaji wangu, mara ya mwisho kushika picha yako mkononi, ya karatasi, siyo ya kwenye simu, ilikuwa lini? Usinitajie ile pasipoti saizi uliyobandika kwenye barua ya kuomba kazi. Ile hata wewe mwenyewe hukuitazama mara mbili.

Nauliza kwa sababu ya Mbezi Luis. Tangu kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kifunguliwe Februari 2021, huku kwetu ndiko mahali pa kuagana. Mama anamsindikiza binti anayekwenda chuo, mshikaji anamsindikiza kisura wake anayerudi Iringa, na wote wanafanya jambo lilelile: simu juu, tabasamu, kwisha. Picha inazama humo pamoja na wenzake elfu mbili, na siku simu ikikwapuliwa kwenye daladala, ndiyo basi tena. Kijana mwenye jicho la biashara lazima atajiuliza: nikiwapa watu hawa picha ya papo kwa papo, tena kubwa ya kutundika ukutani, si nitavuna noti?

Wazo si baya, ila lina kimeo. Filamu ya kazi hiyo ilishazikwa, na wapo waliojaribu kuifufua. Hesabu zao ndizo nataka tuzipige hapa, kabla hujauza pikipiki ya watu ukanunue kamera ya maonyesho.

Kaka na dada zetu wanaikumbuka ile kamera yenye macho manne. Unakaa kwenye stuli, nyuma yako pazia la bluu, unaambiwa usicheke. Mpiga picha anabonyeza mara moja, anavuta karatasi, anatazama saa ya mkononi, halafu anabandua: sura nne, zote zimenuna. Ndani ya karatasi ile kulikuwa na kifuko kidogo cha dawa iliyo kama uji. Ukivuta, karatasi inapita katikati ya rola mbili, kifuko kinapasuka, uji unatandazwa kati ya karatasi ya negetivu na ile ya picha. Unasubiri, unabandua, unatupa upande mmoja. Hakuna chumba cha giza, hakuna "njoo keshokutwa".

Mwenye akili hiyo ni Edwin Land wa Marekani, bosi wa Polaroid. Mwaka 1943 binti yake mdogo alimuuliza kwa nini hawezi kuiona picha aliyopigwa palepale. Swali la mtoto! Februari 1947 akawaonyesha wataalamu wa New York jibu lake, na mwaka 1948 kamera ya kwanza ikaingia dukani Boston. (Isidhaniwe filamu hii ni malaika. Mitambo ya Polaroid ya vitambulisho ilitumika kutengeneza zile pasi za kuwabana Waafrika kule Afrika Kusini. Mwaka 1970 wafanyakazi wake wawili weusi, Ken Williams na Caroline Hunter, waliianzishia kampuni varangati, na ilipofika 1977 ikafunga biashara yake huko.)

Sasa tuje kwenye saizi kubwa. Kuna ya inchi 4 kwa 5, kama kadi ya posta. Kuna ya inchi 8 kwa 10, inayokaribia karatasi ya fotokopi. Halafu kuna baba lao, inchi 20 kwa 24, ambayo kamera yake ilitengenezwa katika miaka ya 1970, ina ukubwa wa friji na uzito unaopita kilo 100. Hiyo hubebi begani, bwana.

Utamu wake uko wapi? Msikilize mama mmoja wa Cambridge, Massachusetts, Elsa Dorfman. Kuanzia mwaka 1980 alikuwa akipiga picha familia za kawaida kwa dude hilo la inchi 20 kwa 24. Watu wanakuja wamevaa nguo zao za kutokea, anawapiga picha mbili, wao wanachagua moja wanaondoka nayo, ile iliyokataliwa anabaki nayo yeye. Mbili tu! Hakuna mia moja za kuchagua, hakuna kufuta kidevu cha pili. Mwaka 2016 Errol Morris alitoa filamu ya sinema kuhusu hizo picha zilizobaki, na mama huyo alifariki mwaka 2020. Naye Ansel Adams, mzee wa picha za milima ya Marekani, alitumia filamu ya Polaroid ya inchi 4 kwa 5 iitwayo Type 55, iliyotoka mwaka 1961. Hiyo ilikuwa kiboko, maana ilikupa picha papo hapo na negetivu ya kuoshea nyingine baadaye.

Na mpigwaji naye ana raha yake. Kwenye simu, mpiga picha anaona peke yake kwanza, wewe unatumiwa baadaye kama akikumbuka. Hapa mnasimama wawili mnasubiri, karatasi inabanduliwa, mnaona kwa pamoja. Picha ni moja, haina pacha.

Raha ikaisha Februari 2008, Polaroid ilipotangaza kwamba haitengenezi tena filamu hizo. Fuji ya Japani iliendelea na za kubandua, zikawabeba wapiga picha wa pasipoti, mpaka nayo mwaka 2016 ikatangaza kuacha ile ya mwisho, FP-100C. Kamera za macho manne zikabaki mapambo kabatini.

Wafufuaji wakaingia. Wa kwanza walijiita Impossible Project, yaani jambo lisilowezekana, na jina liliwafaa. Mwaka 2008 walinunua mashine za kiwanda cha Enschede, Uholanzi, kwa dola milioni 3.1. Mashine wakazipata, lakini dawa nyingi za zamani zilikuwa hazitengenezwi tena, na waliozitengeneza wameshafunga milango. Ni kama kununua jiko la biriani mpishi ameshahama mji na masala yake. Filamu zao za 2010 zilikuwa hazitaki mwanga, unazificha kama unaiba. Mwaka 2012 wakatoa hata ya inchi 8 kwa 10. Kampuni hiyo ndiyo sasa inaitwa Polaroid.

Wa pili ndio wananiuma. New55, kikundi kidogo cha Ashland, Massachusetts, kilitaka kurudisha ile Type 55. Mwaka 2014 walipitisha bakuli kwenye mtandao, mchango kama wa harusi, wakapata zaidi ya dola 400,000. Karatasi walikuwa wakiziunga kwa mikono. Boksi la karatasi 5 likauzwa dola 75. Mwishoni mwa 2017 wakafunga.

Dola 400,000, msomaji! Harusi gani hiyo inafilisika? Tatizo ni kwamba filamu hii ilibuniwa kwa kiwanda cha mamilioni ya wateja. Roli moja ya negetivu haipakwi kwa ajili ya watu mia mbili. Umati ukiondoka, wachache waliobaki wanalipa bili ya umati wote.

Turudi Mbezi. Chukua dola moja kwa shilingi 2,600. Dola 75 ni 195,000. Gawa kwa 5, unapata 39,000 kwa karatasi moja, bado kusafirisha, ushuru, na friji ya kuitunzia maana joto ni adui yake (na umeme wetu unaujua). Karatasi moja ikigoma, zile nne zinakuwa 48,750 kila moja kabla hujaweka faida. Kwa 39,000 abiria anafika Dodoma na hela ya chipsi inabaki. Atakucheka.

Ya inchi 8 kwa 10 ndiyo usiseme. Ilipita dola 15 kwa picha, na bado inadai mashine yake ya kuipitisha kwenye rola.

Kama umeshikwa na ugonjwa huu, kuna njia ya kati. Mwaka 2020 Lomography walitoa kifaa cha kufunga nyuma ya kamera ya inchi 4 kwa 5, kinachotumia filamu ya Fuji ya Instax Wide, ambayo kiwanda chake kinazalisha kwa wingi. Picha inatoka milimita 62 kwa 99, siyo ya kutundika sebuleni, lakini inatoka palepale na bei inavumilika. Kwa wanaoagana stendi, mimi ningeanza na hiyo.

Zile kubwa ningewawekea watu wa aina moja tu: babu na bibi wanaotimiza miaka 50 ya ndoa, ukoo mzima umesafiri, na bei imetajwa wiki mbili kabla. Unawapiga mbili kama mama Dorfman. Na hela unachukua kabla hujavuta karatasi.