Kitabu cha Picha na Wasomaji Wake Wawili

Kitabu cha picha cha mtoto asiyejua kusoma kina wasomaji wawili kwa wakati mmoja: mtu mzima asomaye maneno, na mtoto asomaye picha. Mchaguzi hana budi kuangalia kwanza kama kila mmoja ameachiwa kazi yake. Katika Rosie's Walk, kitabu cha Mwingereza Pat Hutchins kilichotolewa mwaka 1968, maneno yote ya Kiingereza ni 32, nayo yasimulia matembezi ya kuku tu. Mbweha amnyemeleaye, apigwaye na mpini wa reki, kisha akatumbukia bwawani, hatajwi hata mara moja. Mtu mzima husoma kwa utulivu, mtoto, aonaye hatari isiyosomwa, humkatiza: “Anakuja!” Kwa Kiswahili neno hilo moja ni sentensi kamili. Kiambishi a- chatosha, kwa kuwa picha imekwisha kumtaja mtenda. Mfasiri atakayemwingiza mbweha katika maneno, kwa bidii ya kufafanua (na bidii hiyo si haba), atakuwa amemnyang'anya mtoto sentensi yake. Jaribio la dukani ni jepesi: maneno yafunikwe kwa mkono, kisha itazamwe kama picha zina habari ambayo maneno hayakuitoa.