Spinachi ndani ya embe: mboga za siri za watoto wetu Dubai

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya basi la shule kupiga honi, blenda zinanguruma katika majengo ya Deira mjini Dubai. Ukipanda ngazi za jengo letu utazisikia nyuma ya milango, kwa Wahindi, kwa Wafilipino, kwa Wamisri na kwetu sisi Waswahili. Ndani ya blenda mna embe, ndizi mbivu, maziwa na barafu. Mara nyingi mna pia kitu kingine, ambacho mama amekitumbukiza haraka haraka kabla mtoto hajatoka bafuni.

Kitu hicho ni mboga. Huenda ikawa konzi ya spinachi, karoti iliyochemshwa au kipande cha tango kilichomenywa. Mtoto anakunywa sharubati yake nzito, ambayo siku hizi wengi wanaiita smuthi, anafuta mdomo na kukimbilia basi. Mama anashusha pumzi. Leo mboga imeingia.

Wapenzi wasomaji, makala yetu ya leo inahusu hila hiyo ndogo ya jikoni. Tunaizungumzia kwa sababu nasi tuliifanya kwa karibu mwaka mzima, na ikaishia mahali ambapo hatukupatarajia.

Msomaji aliyeko nyumbani Afrika Mashariki huenda akashangaa. Kwetu mboga haifichwi. Ugali bila mboga hauliki, na mtoto haulizwi kama anapenda mchicha au hapendi. Akisusa mchana, jioni ataukuta mchicha uleule unamngoja. Hapa Dubai mambo ni tofauti kidogo. Baba na mama wote wako kazini, joto la kiangazi linapita nyuzi 40 na kuwafungia watoto ndani, na chakula cha kuletwa mlangoni kwa pikipiki kiko umbali wa simu moja tu. Mtoto anayezaliwa huku anajua kuku wa kukaanga na viazi vya chipsi kabla hajajua matembele.

Si kwamba mboga hazipatikani. Katika soko kuu la matunda na mboga la Al Aweer, na katika Waterfront Market iliyofunguliwa mwaka 2017 kuchukua nafasi ya soko la zamani la samaki la Deira, utakuta spinachi ya Kihindi, jirjir, giligilani, matango yanayolimwa humu humu nchini, na maparachichi yaliyotoka Kenya. Tatizo liko mezani. Na mezani mshindani wa mboga ni glasi ya juisi.

Aliyewahi kuishi Dubai anavijua vimikahawa vya juisi vilivyo karibu kila kona, vingi vikiendeshwa na watu wa Kerala, kusini mwa India. Juisi yao nzito ya parachichi, yenye asali na lozi juu, ni mlo kamili. Mtoto wetu alikuwa na umri wa miaka 5 alipoanza kuikataa mboga yoyote aliyoiona kwa macho, lakini glasi ya juisi hakuwahi kuikataa. Tukaona basi, tumpelekee mboga huko huko anakopapenda.

Tulijifunza kwa makosa. Spinachi ukiisaga na stroberi unapata rangi ya tope la mtoni, na hakuna mtoto atakayeigusa. Karoti mbichi inaacha chenga chenga kwenye ulimi, kwa hiyo ni lazima ichemshwe kwanza. Ikishalainika, embe linaimeza kabisa, rangi na ladha. Koliflawa iliyogandishwa inajificha ndani ya ndizi na maziwa kana kwamba haikuwapo. Tango linakwenda na tikiti. Bitiruti inakubaliana na stroberi na zabibu, ila siku ya pili usishtuke ukiona rangi chooni. Tulifika mahali tukawa na fahari, tukawa tunawafundisha majirani.

Mwaka jana, wakati wa likizo ya Julai, tulikwenda Tanga. Siku ya kwanza bibi yake mtoto alipika wali, samaki na mchicha wa nazi, akatandika jamvi. Mtoto akatazama bakuli la mchicha, akasema yeye hali majani. Bibi akamuuliza kama huko kwao Uarabuni hakuna mboga.

Hapo sisi tukaona tujitetee. Tukasema mbele ya shangazi, wajomba na watoto wote kwamba mtoto huyu anakula mboga kila siku ya Mungu, ila tunamsagia ndani ya embe bila yeye kujua. Watu wakacheka, na bibi akacheka kuliko wote. Mtoto hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: tangu lini?

Tuliporudi Dubai hakuigusa tena glasi. Si ya embe wala si ya ndizi. Kwa wiki kadhaa kila kilichosagwa, hata supu ya dengu aliyokuwa akiipenda, alikichungulia kwanza na kuuliza mna nini humu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikomea kwenye jamvi la Tanga. Tulipoteza mboga, tukapoteza na juisi, na kikubwa zaidi ni kwamba mtoto wa miaka 6 alikuwa ameacha kuamini chakula kinachotoka mikononi mwa wazazi wake.

Hila hii si ya Waswahili peke yao wala si ya jana. Mwaka 2007 nchini Marekani vilitoka vitabu viwili vya mapishi vya kuficha mboga kwenye vyakula vya watoto, kimoja cha Missy Chase Lapine na kingine cha Jessica Seinfeld, mke wa mchekeshaji maarufu Jerry Seinfeld. Vilifanana kiasi kwamba Lapine alifungua kesi mwaka 2008 akidai wazo lake limeibwa. Mahakama ya New York iliitupa kesi hiyo mwaka 2009. Ni kweli, mama gani duniani hajawahi kuwa na wazo hilo?

Je, kuficha kunafanya kazi? Ukipima tumbo, jibu ni ndiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichapisha mwaka 2011 matokeo ya jaribio lao kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Watoto hao walipewa mkate, tambi na chakula cha kuku ambavyo ndani yake mlisagwa mboga bila wao kujua. Kiasi cha mboga walichokula kwa siku kilikaribia kuongezeka maradufu, na nishati waliyoipata kutokana na chakula ikapungua kwa asilimia 12. Kwa nchi kama hii tunayoishi hilo si jambo dogo. Ripoti ya UNICEF ya Septemba 2025 ilieleza kuwa kwa mara ya kwanza watoto wa umri wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia wamewapita wenye uzito pungufu duniani, asilimia 9.4 dhidi ya 9.2. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu kiwango hicho cha unene kilitajwa kuwa asilimia 21.

Lakini ukiupima ulimi, jibu ni jingine. Mtoto anaizoea mboga kwa kuiona, kuigusa, kuinusa na kuionja ikiwa mboga, tena mara nyingi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha London, akiwamo Profesa Jane Wardle, waliwaomba wazazi wawape watoto wa miaka 2 hadi 6 kipande kidogo cha mboga ileile wasiyoipenda, kila siku kwa siku 14. Mwisho wa majuma hayo mawili watoto waliipenda na kuila zaidi kuliko wenzao ambao wazazi wao walipewa ushauri wa maneno tu. Wazazi wengi tunakata tamaa siku ya tatu. Sisi tulikata tamaa siku ya kwanza.

Mtoto anayekunywa spinachi kwa mwaka mzima bila kujua anachojifunza ni kupenda embe. Ndiyo maana wetu alilitazama bakuli la Tanga kama mgeni, ingawa mboga ya jamii hiyo ilikwisha pita tumboni mwake mara mia na zaidi.

Kuna jaribio jingine lililotufungua macho. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliwapa wanafunzi vitafunio vitamu vyenye mboga ndani yake. Kipande kimoja kiliandikwa jina la mboga, na kingine cha aina ileile hakikuandikwa. Keki yenye brokoli ilipendwa vilevile, ikiandikwa au isiandikwe. Biskuti zenye dengu ndizo zilizopendwa kidogo pale zilipotajwa jina, na dengu hasa ndicho chakula ambacho watoto wale hawakukizoea. Kwa maneno mengine, hofu yetu kwamba mtoto akijua atakataa mara nyingi ni hofu ya mzazi zaidi kuliko ya mtoto. Anachokiogopa mtoto ni asichokijua.

Tusisahau sukari. Wengi tunadhani kila kitokacho kwenye tunda ni salama, tunamwaga glasi ya pili na ya tatu. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 liliiweka sukari iliyomo kwenye juisi za matunda, na ile ya asali, katika kundi moja na sukari ya mezani, na likashauri isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana isifike asilimia 5. Huko Uingereza huduma ya afya ya taifa inawaambia wazazi kuwa juisi na smuthi kwa pamoja zisizidi mililita 150 kwa siku, yaani kikombe kidogo cha chai, na zinywewe pamoja na chakula ili kulinda meno. Serikali ya hapa nayo ilianza Oktoba 2017 kutoza kodi ya asilimia 50 kwenye soda na asilimia 100 kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu, na Desemba 2019 ikaingiza vinywaji vingine vilivyotiwa sukari. Kodi hiyo haifiki kwenye blenda yako. Humo mtoza kodi ni wewe.

Kwa wenye watoto wachanga kuna tahadhari mbili ambazo hatuwezi kuziruka. Asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha sumu ya hatari kwa mtoto wa umri huo. Na juisi ya matunda, kwa ushauri wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2017, haimfai mtoto kabla hajatimiza mwaka. Wale wenye mazoea ya kumwonjesha mtoto juisi ya parachichi ya mkahawani, yenye asali juu, wafikirie tena.

Blenda yetu hatukuitupa. Tumebadilisha nani anaiwasha. Siku za Ijumaa, ambapo hapa shule humalizika mapema, tunakwenda naye sokoni na yeye ndiye anayechagua mboga moja. Mara ya kwanza alichagua tango, pengine kwa sababu halina ujanja mwingi. Akaliosha, akalikatakata kwa kisu cha plastiki, kipande kimoja kinywani na kingine kwenye blenda pamoja na tikiti. Juma lililofuata ilikuwa karoti. Spinachi aliikubali baada ya miezi miwili, majani matatu, aliyoyahesabu mwenyewe, na machungwa mawili juu yake. Hakujua kuwa vitamini C ya machungwa inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, nasi hatukumweleza. Akaona rangi ya kijani, akasema ni juisi ya mamba. Mdogo wake wa miaka 3 tangu siku hiyo anataka ya mamba tu.

Mezani mboga inakaa kwenye bakuli lake, inaonekana, na tunaila sisi kwanza. Hatumlazimishi, ila kijiko kimoja cha kuonja lazima kipite. Siku nyingine kinarudi kwenye kitambaa cha karatasi. Kuna jioni tunachoka, tunaagiza chipsi na kuku kama watu wengine, na hakuna aliyekufa.

Bamia bado hazitaki, na hapo hatuna la kumlaumu kwa sababu baba yake pia hazili. Mchicha wa nazi ameuonja mara nne. Mara ya nne hakukunja uso, alikunywa maji tu.

Likizo ijayo tunakwenda Tanga tena, Inshallah. Bibi amepiga simu juzi kuulizia kama siku ya kwanza apike mchicha au aache. Tumemwambia apike.