Mzishi wa Kukodi

Wahenga walinena kwamba maiti haulizwi sanda. Methali hii tumezoea kuifundisha madarasani kwa maana yake ya fumbo, yaani asiye na sauti huamuliwa mambo na wengine. Mimi mwenyewe nimeifundisha hivyo kwa miaka mingi. Siku mjomba wangu alipofariki ndipo nilipoisoma kwa maana yake ya wazi: kwa kuwa maiti haulizwi, anayeulizwa ni mfiwa, naye huulizwa saa ambayo akili yake haiko nyumbani.

Kwetu ni Jilore, bara ya Malindi, kandokando ya mto Sabaki, msitu wa Arabuko-Sokoke unapoishia. Katika ukoo mmoja utapata Mkristo, Mwislamu na mzee anayeshika mila za Kigiriama, na wote huzikwa na watu wale wale. Mahanga, kama tuitavyo kilio cha maziko, ni kazi ya kila mtu. (Mwanafunzi wa isimu hatakosa kuliona hapo neno matanga: t ya Kiswahili aghalabu huwa h katika Kigiriama, kama vile tatu inavyokuwa hahu.) Vijana huchimba kaburi, wanawake huteka maji na kuimba kifudu, wazee hukaa na kuhesabu nani hajafika. Hakuna anayelipwa.

Labda ndiyo sababu Kiswahili hakina jina lililozoeleka la mtu anayefanya biashara ya kuzika. Tunaye mwosha, ambaye methali inamkumbusha kwamba naye ataoshwa. Tunaye mchimba kaburi. Na kamusi za zamani zinalo neno mzishi, ambalo hupewa maana mbili: mtu anayezika, na rafiki wa kuaminika mno, yule ambaye unajua kwamba siku yako ikifika atakusitiri. Ndiye rafiki wa kufa na kuzikana. Kwa wazee wetu, basi, kazi hii na uaminifu vilikuwa neno moja. Leo mzishi anakodiwa, ana nambari ya simu na gari lenye pazia, na uaminifu umebaki kuwa jambo la kuchunguzwa.

Mwislamu wa Jilore bado ana nafuu. Maiti wake huzikwa siku ile ile ikiwezekana, kwa sanda ya mita chache za bafta, na jeneza la msikitini hubeba watu wa mtaa mzima, tajiri na maskini, kisha hurudi msikitini. Asili ya neno jeneza ndiyo hiyo, machela ya kumbebea maiti. Jeneza la dukani halirudi. Hununuliwa mara moja, likaingia ardhini, na hapo ndipo bei ilipopata mlango.

Mjomba alifia hospitalini mwaka 2016. Kwenye lango la mochari, ambayo sitaitaja, alitupokea bwana mmoja aliyevaa shati jeupe, mpole wa maneno. Alijua jina la marehemu kabla hatujamtajia. Jambo hilo peke yake lingetosha kunizindua, kwani aliyemwambia alikuwa ndani, na aliyemwambia hakumwambia bure. Lakini nilikuwa nikilia. Tukapatana shilingi 38,000: jeneza, dawa ya kuhifadhi maiti, na gari hadi Jilore siku ya Ijumaa saa tatu asubuhi. Nikatoa arbuni ya 20,000. Hakuandika kitu, nami, mtu wa shahada tatu ambaye huwakata alama wanafunzi kwa kukosa tarehe, sikudai karatasi.

Ijumaa gari lilifika saa saba na nusu. Halikuwa lile lenye pazia bali pikapu ya mtu mwingine, na dereva hakujua habari ya mapatano yoyote. Alisimama kabla ya kuingia bomani, akazima injini, akasema barabara ya vumbi haimo katika hesabu yake, hivyo tumwongeze 7,000 ama ageuze. Shati jeupe hakushika simu. Mjomba amelala juani ndani ya sanduku, mamia ya watu wamesimama wakitazama, na mimi nambembeleza kijana wa rika la wanafunzi wangu. Mama, ambaye ni dada wa marehemu, alifungua fundo la leso yake akatoa alichokuwa nacho. Kofia ikapitishwa. Tulizika jioni.

Nimeeleza aibu hii kwa sababu nyinyi walimu ndio mnaoteuliwa makatibu na waweka hazina wa kamati za mazishi vijijini. Sababu yake ni moja tu, mnajua kuandika. Basi andikeni. Marekani, ambako biashara hii ilikomaa mapema, mwandishi Jessica Mitford alichapisha mwaka 1963 kitabu kilichoifichua. Miongoni mwa aliyoyaonyesha ni hila ya lugha: wauzaji walikuwa wameliacha neno la kawaida la jeneza, wakachukua neno la kasha la kutilia vito, na kasha la vito halinunuliwi kwa bei ya sanduku la mbao. Mwaka 1984 serikali ya nchi hiyo ikaanza kutumia kanuni inayomlazimu mwenye kampuni ya mazishi kumpa mteja orodha ya bei, kitu kimoja kimoja, ili achukue anachotaka na kuacha asichotaka. Sisi hatuhitaji kungoja kanuni ili tuombe karatasi. Jeneza kiasi gani, dawa kiasi gani, gari hadi kaburini (si hadi lami inapoishia) kiasi gani, na maiti akikaa siku moja zaidi ni kiasi gani. Muulize pia kama gari ni lake. Anayenuna kwa kuulizwa, mwacheni huyo.

Maswali hayo yasiulizwe na mtoto wa marehemu. Mtumeni mtu wa ukoo aliye mbali kidogo na msiba, shemeji au jirani, mwenye macho makavu na ulimi mzito wa kukubali. Afike mahali pa kazi pa mtu huyo, asikutane naye langoni mwa mochari. Akishindwa kuonyesha mahali pake, basi ni dalali tu, na udalali wake umo katika bei yenu.

Jambo jingine ni kumtazama maiti. Watu huogopa, wengine huona ni utovu wa adabu, lakini jeneza lisifungwe kabla ndugu wawili hawajauona uso na kuusoma utepe wenye jina. Sisi wa Malindi tumepata somo zito kuhusu maiti wasio na jina. Kuanzia Aprili 2023 zaidi ya watu 400 walifukuliwa katika msitu wa Shakahola, si mbali na kwetu, wakahifadhiwa Malindi. Ilibidi kutumia vipimo vya vinasaba, na familia za kwanza zilikabidhiwa watu wao Machi 2024. Waliongoja wakati huo wote hawana haja ya kuelezwa thamani ya utepe.

Tena msikubali kutishwa kwa deni. Mwaka 1998 Mahakama Kuu mjini Mombasa, katika kesi ya maiti aliyezuiliwa na hospitali moja kwa sababu ya gharama za matibabu, ilikataa dhana kwamba maiti anaweza kuwekwa rehani. Deni hudaiwa kwa njia za madeni. Hospitali zimeendelea kuwazuilia watu maiti wao tangu hapo, hilo twalijua, lakini ni vyema katibu wa kamati aingie ofisini akijua mahakama ilisema nini. Na kibali cha mazishi afuatilie mwenyewe; kama kifo kimetokea nyumbani aanzie kwa naibu wa chifu. Anayesema atakushughulikia karatasi zote “kwa kitu kidogo” anakuuzia usingizi.

Shangazi alipotutoka mwaka 2021 tulikwenda kwa njia nyingine. Shemeji yetu alipelekwa Malindi na daftari. Wa kwanza alimwonyesha majeneza yenye vioo na kumwambia kwamba mama mkubwa kama yule hastahili kuzikwa kimaskini. Shemeji akaaga. Wa pili alikuwa seremala, mzee mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Kabla ya kutaja bei aliuliza urefu wa marehemu, kisha akauliza nyumba ina watoto wangapi wanaosoma. Alipoambiwa, alisogeza jeneza la bei ya kati kando, akagonga lile la chini kwa kidole. “Mbao ni zile zile, baba. Lile lingine ni rangi.” Akaandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari, akatia sahihi. Jioni ya kuamkia maziko alituma mwanawe kwa pikipiki aitazame barabara, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha. Gari lilifika saa mbili na robo asubuhi. Siku ya tatu akaja mwenyewe kilioni, akaketi na wazee, akanywa chai, akaondoka bila kutaja salio tulilokuwa bado hatujamaliza.

Mwaka uliofuata nambari yake niliwapa walimu wawili waliofiwa. Mmoja alimtumia. Wa pili alinirudia akasema kwamba bei ya mzee yule ni ndogo mno, haikosi ana hila, akaenda kwa mtu wa langoni.