Kompyuta Haiwaki? Tazama Waya Kwanza

Kompyuta ya mezani ikibebwa kwa pikipiki kutoka Tukuyu hadi Matwebe, hutikisika sana. Ikifika haiwaki. Watu husema imekufa, wanaanza kuchanga fedha za kununua nyingine. Ngojeni kidogo. Huenda waya imechomoka tu.

Kwanza chomoa waya ya umeme ukutani. Fungua ubavu wa kompyuta. Lile sanduku dogo la chuma linalogawa umeme usilifungue kamwe, hata kama umeme umekatwa.

Ndani kuna bodi kubwa. Waya nyingi hukutana hapo. Kebo pana ya matundu 24 huipa bodi umeme. Nyingine ndogo, ya matundu 4 au 8, huwa karibu na feni ya prosesa. Hiyo ndiyo husahauliwa. Zisukume zote mbili mpaka zishike.

Sasa tazama ukingoni mwa bodi. Utaona vijiti vya chuma vimesimama kama meno ya kitana. Waya mbili za kitufe cha kuwashia, zilizoandikwa POWER SW, huvikwa hapo. Ukizigeuza hakuna madhara. Waya za taa zina chanya na hasi. Ukizigeuza, taa haiwaki, lakini kompyuta hufanya kazi. Usilazimishe, maana vijiti hupinda.

Kijiti kipi ni cha waya ipi? Kitabu cha bodi kinaonyesha. Kama kimepotea, leta tochi. Mara nyingi maandishi madogo yapo kwenye bodi yenyewe.